Mjane wa Kitabuni na Mjane wa Vudee

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kule kwetu Vudee, pembe ya msaragambo ililia ndani ya ukungu kabla hatujaona hata mgomba wa jirani. Tuliitwa kuzoa matope ya ndiva, bwawa letu la kukusanya maji ya kumwagilia. Asiyetokea kwenye msaragambo, kazi hiyo ya pamoja, hapewi zamu ya maji. Nakiete, aliyefiwa na mumewe mwaka uleule, alitangulia wote. Alichimba mpaka viganja vikachubuka, maana maharage yake yalikuwa yanakauka shambani na watoto hawakuwa na kingine cha kula.

Zamu zilipotajwa, Mzee Eliamani, msimamizi wa ndiva, alimruka.

"Zamu yako ataichukua shemeji yako," alisema. "Nyumba yako haina mwanamume."

"Na jembe hili kalishika nani tangu asubuhi, baba? Marehemu?"

Watu wakacheka. Nakiete mwenyewe hakucheka.

Subiri, mwanangu, usikasirike bado. Mimi nimeibeba hasira hiyo miaka yote hii, inatutosha sote wawili.

Jioni tulikusanyika kwa mzee yuleyule, kama kawaida yetu, tukila makande huku akitusomea. Alikuwa na sauti nzuri, Mungu amsamehe. Kitabu kilisimulia maisha ya kweli ya mwanamke wa nchi ya mbali, mjane aliyepokonywa shamba na ndugu za mumewe. Alipofika pale mama yule anapolala njiani na wanawe, sauti ilimkatika. Akatoa leso.

"Watu wengine wana roho za kinyama," akasema, machozi yakimtiririka.

Bibi yangu akaweka sahani chini.

"Eliamani, unamlilia nani?"

"Huyu mama, dada. Hukusikia alivyotendwa?"

"Nimesikia. Na huyu je?" Akamwonyesha Nakiete, aliyekaa pembeni na sahani yake. "Huyu mpaka aandikwe ndipo umwonee huruma? Na siku wakimwandika, wewe utakuwa nani humo ndani? Futa pua, ukafungue maji!"

Mwanangu, nakuona na simu yako, unasoma maisha ya watu, unawatumia wenzako na emoji za machozi, kisha unalala usingizi mnono. Inanichefua! Ukisoma maisha ya mtu wa kweli, jitafute ndani yake, na uanze kujitafuta miongoni mwa waliomtesa. Ukijikuta hapo, usifungue ukurasa mwingine. Inuka ukatengeneze ulichoharibu. Yule wa kitabuni yalishamfika; jirani yako bado unaweza kumuwahi. Mungu akupe jicho lisiloona aibu kukutazama wewe mwenyewe, na mikono isiyochelewa.

Mzee Eliamani jioni ile alifuta pua. Alifunga kitabu, akachukua jembe lake, akamwambia Nakiete, "Twende, mama, kwenye zamu yako." Walitoka bila kutuaga, na mlango ukafungwa kwa kishindo nyuma yao.