Macho ya Watu Wawili

Shangazi yangu, ambaye wenzake walimwita Jicho, alizeekea kwenye darubini ya maabara ya chuo. Aliletewa vioo vyenye utando wa picha, ambamo viini vya atomu vilikuwa vimegonganishwa kwa kasi ya kutisha. Kila mgongano ulizaa chembe mpya, kila chembe ikaacha mstari mwembamba, na mistari ikatawanyika kama miale ya nyota. Yeye alizitafuta nyota hizo na kuhesabu chembe zilizozaliwa. Kila kioo kilikaguliwa na watu wawili, ili kwa kulinganisha hesabu zao ikadiriwe ni nyota ngapi zimewapita wote, na kuambiana kitu kabla wote hawajamaliza kulikuwa mwiko.

Alipostaafu, akaanza kuona nyumbani kwake watu ambao wengine hawakuwaona. Binamu yangu, mwanawe wa pekee, akaniita pembeni.

"Dada, kaa naye wiki moja. Ukisema kachanganyikiwa, namhamishia nyumba ya wazee, hii naiuza."

Nilikubali shingo upande. Huyu mama ndiye aliyenilea, na sasa neno langu ndilo lingemtoa kwake.

Shangazi alinipokea akicheka. "Umetumwa kunipima akili. Haya, pima. Ila ukiona kitu usiniambie, na mimi sikuambii, mpaka Jumamosi."

"Na nisipoona?"

"Nitafunga mizigo mwenyewe."

Siku za mwanzo sikuona kitu, nikahuzunika. Kisha, mchana kweupe, nikitoka kuanika nguo, nilimkuta mwanamke mlangoni mwa jiko, kanipa mgongo, kisogo kimelowa. Nikadhani ni jirani, nikamwamkia. Hakugeuka. Nilipofika kizingitini hakuwapo, na sakafu ilikuwa kavu. Niliogopa mno, lakini mdomo nikaufunga. Asubuhi iliyofuata, mzee nisiyemjua alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, akifunga kamba za viatu taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda kazini.

Jumamosi tulikaa mezani, nikawataja wangu wawili. Shangazi akawataja wake watatu: msichana wa kwenye ngazi, mwanamume wa nyuma ya pazia la sebule, na mwanamke wa jikoni mwenye kisogo kilicholowa. Mzee wa viatu hakuwahi kumwona.

Nikashusha pumzi. "Shangazi, wewe ni mzima. Namwambia mwanao leo hii."

Hakufurahi. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kama kazini.

"Kati ya wawili wako, mimi nimemwona mmoja," alisema. "Yaani jicho langu linakamata nusu. Nimekamata watatu. Basi humu ndani wako sita."

"Lakini tukijumlisha wangu na wako, ni wanne tu, Shangazi."

"Ndiyo."

Akavuta kiti chake mpaka kikagusa changu. Sote wawili tuliacha kuangalia upande wa korido.

"Mpigie mwanangu," alisema polepole. "Mwambie mama yake ana akili timamu. Na aje atuchukue."