Bibi Hakuomba

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye ukumbi mmoja mjini kuona picha za vita vya zamani. Nikakata kona, nikakutana na bibi yangu ukutani, mkubwa kuliko mlango, mikono juu. Chini wameandika: "Mkimbizi akiomba asiuawe, Kampala." Jina hakuna.

Ngoja nikuambie alikuwa nani, maana aliyempiga picha hakuuliza.

Tulikaa laini za polisi, zile safu za nyumba za askari, upande wa Bukoto, miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Baba alikuwa polisi, kwao kaskazini kama majirani wengi. Asubuhi tarumbeta ililia, na kabla haijanyamaza sigiri ya bibi ilikuwa imeshika moto. Jiko la makaa la mafundi wa Katwe, bati la pipa, miguu mitatu. Juu yake alikaanga kabalagala, vile vikate vya ndizi na unga wa muhogo. Harufu yake ilinitoa kitandani upesi kuliko kiboko. Kazi yangu ilikuwa kumenya ndizi na kupepea makaa. Jirani yetu, mke wa sajini, alikuja kila siku kuchokoza.

"Bibi, leo zimekuwa ngumu. Tuwarushie adui!"

"Rusha basi. Mbona mikono mitupu? Risasi zote umekula?"

Walicheka, lakini chinichini. Nyakati zile hata kicheko kilipimwa. Bibi alinifundisha: mtu wa bunduki akisema simama, simama. Akisema napiga, inua mikono, usiulize. Watoto wengine walianza na a, e, i, o, u. Sisi tulianza na hayo.

Vita vilipokaribia mji, baba alikwenda kazini, hakurudi. Laini nzima ikafungasha. Nani alitaka kukutwa kwenye nyumba ya polisi wa serikali ile? Bibi alitwika sigiri kichwani, akanishika mkono, tukaingia barabara ya kaskazini pamoja na umati.

Njiani mzungu mmoja akaruka kutoka kwenye gari, kitu cheusi kimemziba uso. Kiswahili chake cha kuokota.

"Mama! Simama! Mimi napiga wewe!"

Alitaka kusema picha. Neno hilo moja tu alilisahau. Na sisi kupiga tulikokujua kulikuwa kwa namna moja.

Bibi aliinua mikono. Sigiri ikaanguka, mguu ukakatika. Akanisukuma kwa kiuno mpaka nyuma yake, mikono bado juu, akasema, "Basi piga mimi. Mtoto wacha."

Akapiga.

Dereva wake, mtu wa hapa hapa, alikufa kwa kicheko. "Bibi, ni picha tu!" Kisha akamtafsiria bosi wake, akimwonyesha kifua cha bibi, halafu mimi. Mzungu akainamisha kichwa, mkono moyoni. Kwa hiyo alijua. Shika hapo, rafiki yangu: alijua. Na bado picha ikatoka na maneno mengine, kwa sababu mwanamke anayeomba ana soko kuliko anayejitoa.

Nilimwambia mtu wa ukumbi. Akanijibu, "Dada, picha inajisemea yenyewe." Inajisemea? Sasa hapo chini mmeandika nini?

Sisemi vita visipigwe picha. Bila picha wangetuambia hatukukimbia. Lakini mtu anayetoa mwili wake mbele yako ili mtoto apone, hata jina humwulizi?

Bibi alifia kambini, ng'ambo ya mpaka. Laini zina watu wengine, na kabalagala za siku hizi zinauzwa kwenye plastiki, baridi kama maiti. Picha nyingine ya bibi hatuna. Nilitaka kuichana ile, mkono ukakataa. Ndiyo sura yake pekee iliyobaki, na imebaki na uongo chini yake.

Binti yangu akasogea, akagusa pembe ya picha, nyuma ya gauni la bibi.

"Mama, huu mguu mdogo ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.