Neno Nililoliogopa Nikiwa Darasa la Nne

Enzi zetu, sisi tulioanza shule tukiwa na vimo vya kina mama, tulijifunza kujificha kabla ya kujifunza kusoma. Nilikumbuka hayo Jumapili iliyopita hapa kwangu Rongo. Jiwoo, mpangaji wangu kutoka Korea anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza, aliniuliza, "Mama, conspicuous ni nini? Kwetu tunasema kitu kinachonasa jicho. Ni sifa nzuri?"

Si nzuri kila mara. Mimi nilifundishwa neno hilo Homa Bay, Jumatatu ya pili ya muhula wa pili, nikiwa darasa la nne na umri wa miaka kumi na sita. Mwalimu alielekeza kidole dirishani na kusema, "Asego Hill is conspicuous." Tukakariri kwa sauti, tukikitazama kilima. Nyuma yangu kitoto kimoja kikanong'ona, "Kama Mama Darasa!" Darasa zima likaangua kicheko. Mama Darasa nilikuwa mimi.

Mkaguzi wa shule alitarajiwa kesho yake. Ilisemekana kwamba wasichana waliopita umri wangerudishwa nyumbani, na nyumbani tayari wageni wa posa walikuwa wamekunywa chai mara mbili. Asubuhi ya ukaguzi nilikunywa uji wa mtama upesi. Mama alinishika bega, akanisihi kwa Kijaluo, "Nyara, binti yangu, ukiketi, inama. Ukisimama, inama."

Saa nne na dakika ishirini mkaguzi aliingia. Niliinama hadi kidevu kikagusa dawati. Hata hivyo aliniona, akamgeukia mwalimu.

"Huyu ni mwalimu mgeni?"

Mwalimu akakohoa. Ningaliitikia kwa kichwa, ningalipona. Badala yake nilisimama wima.

"Hapana, bwana. Mimi ni mwanafunzi. I am conspicuous."

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi akasema, "Basi keti, unawazibia wenzako ubao."

Nikaketi. Nikabaki shuleni. Lakini muhula wote ule, kila mlango ulipogongwa, nilikusanya madaftari yangu.

Siku hizi wajukuu wangu hujipiga picha hata wakipiga mswaki, huziweka mtandaoni, kisha hununa eti waliowatazama ni wachache. Marehemu mume wangu alipenda tuketi mbele kanisani. Tangu aondoke, mimi huketi benchi la mwisho, karibu na mlango, na kabla ya kufungua kitabu cha nyimbo hutazama kwanza ni nani aliyegeuka kunitazama.