Mchoma Nyama Mlangoni pa Ngome

Nchagwa alikuwa mchoma nyama pale Kewanja, mtu wa kitambi na maneno mengi, na tangu mkewe Wegesa arudi kwao Nyansurura alikuwa hajaonja ugali ulioiva. Kosa lilikuwa lake, hilo tuliseme mapema. Walikuja wageni, nyama imekwisha, naye kwa kutaka sifa akamchinja kuku wa Wegesa aliyekuwa analalia mayai. Mtu anayechinja kutwa angepumzisha kisu akifika nyumbani, lakini wapi.

Ili mke arudi, ilibidi mama mkwe, Agustina, aombwe radhi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wakurya mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Basi akamtuma mzee Simioni. Simioni alikwenda, akakirimiwa, akarudi ameshiba vizuri na ujumbe wote bado anao.

Jumamosi moja kwaya ya Kewanja, Nchagwa akiwamo, ilikwenda kutembelea ngome ya kale kule Nyansurura, boma la mawe juu ya kilima ambamo wahenga walificha ng'ombe wao wavamizi walipokuja. Mlango ni mmoja, mfupi na mwembamba, ili adui aingie ameinama na kupokelewa kwa rungu. Nchagwa, ambaye hapendi kuwa wa pili, aliwaacha wenzake wakihema huko chini, akajipenyeza kwa ubavu, koti na yote. Alipoinua uso aliwakuta akina mama wa Nyansurura wamewatangulia na chakula cha wageni. Katikati yao, Agustina.

Aligeuka kukimbia. Safari hii alisahau ubavu, akatanguliza kifua. Kitambi kilifika katikati ya mawe, kikagoma. Mbele yake lilikuwa bonde zima. Nyuma yake mama mkwe, akitazamana na sehemu ambayo mkwe yeyote angeificha mpaka kufa. Akina mama walinyamaza kwa heshima, mabega yakiwatikisika. Hakuna aliyeweza kumgusa, maana rika lote la Agustina ni mama wakwe zake.

Hatimaye Agustina aliuambia ukuta, "Wewe ukuta, muulize huyo anayetuzibia mwanga, kuku anayelalia alimkosea nini?"

Nchagwa aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Kisha akagundua kwamba hamtazami mtu usoni. Mila ilikuwa salama.

"Ukuta," alisema, sauti imebanwa na mawe, "mwambie mama nilikosa. Nyumba imepoa. Wegesa arudi, na kisu nitamkabidhi yeye."

"Ukuta," akasema Agustina, "mwambie kwamba Wegesa yuko hapa nyuma yangu. Amesikia mwenyewe."

Wegesa hakubanwa na mila yoyote kuhusu makalio ya mumewe. Alivua kandambili, akaweka mguu mahali panapostahili, akasukuma kwa uchungu wa kuku na mayai yake yote. Nchagwa alitokea majanini, koti limechanika mgongoni. Wegesa akatoka nyuma yake, ameinama, na sufuria la makande mikononi.

"Umekula leo, Baba Steven?"

"Sijala."

"Basi shika mwiko. Wapakulie wenzako, wewe utakula mwisho."

Kwaya ilipofika juu ilimkuta mwanaume ambaye hajawahi kupakua chakula mbele za watu akijaza sahani moja baada ya nyingine, huku akimtazama mkewe kwa jicho la pembeni kuona kama naye atabakiziwa.