Mkalimani wa Kompyuta

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya kuandikisha wakimbizi karibu na Misiera, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja kutoka eneo la Juru aliyekuwa hai kwenye meza ya kwanza na marehemu kwenye meza ya pili. Kompyuta za meza hizo zilitoka kwa wafadhili wawili, kila moja na njia yake ya kutuma habari, kwa hiyo hazikuwa zimewahi kusikilizana.

Fundi kutoka Kakoba akachomeka kiboksi katikati. "Mama, hii iko kama mkalimani," alisema. "Sasa hizi mbili zitaelewana."

Karani akabonyeza, akangoja, akatugeuzia kioo cha kompyuta. Kweli zilikuwa zimeelewana: mama alikuwa marehemu kwenye meza zote mbili. Fundi akatabasamu, maana kazi yake ilikuwa imekubali.

Mama alikigonga kile kiboksi kwa kidole. "Kwetu kanisani, muhubiri akikosea, mukalimani anamurekebisha bila batu kujua. Huyu wenu anarudilia tu kosa."

Mimi nilikuwa nimekuja kurekebishiwa mwaka wa kuzaliwa. Nikakunja karatasi yangu, nikaondoka nikiwa bado hai kwenye meza zote mbili.