Miguu Niliyoishika

Baba mkubwa alipofika Kasansa akitokea Ugalla, alikuja na debe la asali na fimbo tatu mbichi. Asali ilikuwa yetu sote. Fimbo zilikuwa za mdogo wangu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka saba, hajawahi kutamka neno, na akikasirika alijing'ata mikono mpaka damu itoke. Kwa sababu hiyo baba alimpiga mama, akisema tumbo lake ndilo lililoleta mkosi. Mama naye, akishapigwa, alinipiga mimi. Kwetu kipigo kilikuwa na foleni, na mimi nilikuwa wa mwisho kabla ya mbuzi.

Mganga alikuwa amemwambia baba mkubwa kwamba ndani ya mtoto mna kitu, na kitu hicho hutoka kwa fimbo. Basi asubuhi ile, tulipotoka kanisani, yeye na baba walimlaza mtoto uani kifudifudi. Mama alifungiwa jikoni, akawa anagonga mlango kwa mchi. Mimi nikaambiwa nishike miguu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na niliishika kwa nguvu zangu zote, maana nilitaka kitu hicho kitoke, nipate hata siku moja bila kipigo. Siwezi kusingizia kwamba nililazimishwa.

Fimbo ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilimchana mgongo. Ndipo mtani wetu akaingia.

Ukoo wake na wetu zilitaniana tangu enzi za mababu. Mtani aliweza kukutukana msibani, akachukua kuku wako, na hukuruhusiwa kumkasirikia. Ukimtoa damu kwa hasira, mkosi ni wa ukoo wako mzima. Mwanamke huyu mnene, mpika pombe, alikuja na kapu la majivu, akammwagia baba mkubwa kichwani, kisha akajilaza juu ya mtoto.

"Haya, piga! Nyie wala panya, kuku wenu nilishamaliza, leo nachukua huyu. Ni wangu. Piga!"

"Toka, mtani. Haya siyo mambo ya utani."

"Piga basi!"

Baba mkubwa alikuwa amepofushwa na majivu na hasira. Alipiga. Fimbo ilimpasua mtani sikio, damu ikamchuruzikia mtoto shingoni. Baba mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya kaka yake fimbo, akamsukuma mpaka akaangukia debe la asali. Hofu ya mkosi iliwashinda, na sijali kwamba ilikuwa hofu tu.

Tangu siku hiyo mtani alikuja kila asubuhi, sikio limefungwa kitambaa, akidai kuku wake. Alimpa mtoto mchi mdogo wakawa wanatwanga pamoja, na alipotwanga hakujing'ata. Mama akapata kulala. Baba hakumpiga tena mama, na mdogo wangu alimsamehe baba, akawa anasinzia akiegemea goti lake.

Mimi hakunisamehe. Hana neno la kuyasema hayo, ila mpaka leo nikisogelea miguu yake, hata kuiosha tu, ananing'ata. Siondoi mkono.