Jina Nililolitaja Ukingoni

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu Kindu aliyeweza kukuambia nchi yetu inaanzia wapi na kuishia wapi. Kulikuwa na mto Lualaba, kulikuwa na nyumba zetu sisi waungwana, zenye baraza, nyuma yake mashamba ya mpunga, kisha msitu. Ukiuliza nani mtawala, jibu lilitegemea umemuuliza nani. Wagenya wenye mitumbwi walikuwa na wakubwa wao, Wakusu nao walikuwa na wao, na sisi tulikuwa na wale matajiri wa pembe za ndovu ambao vita vilikuwa vimewaondoa juzi tu. Halafu akaja mzungu wa serikali mpya, akasimika bendera na kujenga posti, yaani kituo cha serikali. Akasema yote hayo sasa ni wilaya moja, naye ataichora kwenye karatasi.

Baba yangu alikuwa mshona kanzu, mzaliwa wa Nyangwe. Mama alikuwa mtu wa msituni. Ndugu zake walikuwa wamehama mara nyingi kuwakimbia wakamataji wa watumwa, mpaka wakajificha ng'ambo ya mto, mahali walipopaita Kilundula. Njia ya kwenda huko haikuonekana. Uliingia kwenye kijito cha matope, ukatembea majini mpaka magoti yakauma, ndipo ukasikia sauti za michi ikitwanga.

Bibi, mama yake mama, alikuwa akivuka kuja kwetu na uyoga na viwavi vilivyokaushwa. Kila alipofika, kabla hajaketi, alinishika kidevu na kuelekeza kidole mtoni.

"Mwamini, usitaje jina ya kwetu pa mayi. Mayi inasikia. Itabeba jina mpaka kwa wenye kututafuta, na watakuja."

Baba alicheka na kusema hayo ni mambo ya washenzi. Lakini niligundua kwamba hata yeye, akiwa mtoni, hakuthubutu kulitamka. Alisema tu "kule kwa wakwe".

Basi yule mzungu akaanza kazi ya kuchora. Kila asubuhi alisimama ukingoni na chombo cha miguu mitatu chenye jicho la kioo, na pembeni yake mkalimani, kijana wa pwani aliyevaa kofia safi ya kufuma. Waliuliza majina ya vijito, vijiji, machifu, na nani anamtii nani. Watu hawakuwaamini hata kidogo. Mtu anayetaka kujua unapolala, anatafuta nini? Mgenya mmoja aliwapa majina ya samaki, moja baada ya jingine, na mzungu akayaandika yote kama vijito. Kwa siku kadhaa wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Mkalimani akaniona.

"Mtoto mzuri, kwenu wapi?"

"Hapa hapa."

"Na mama yako? Kwao wapi?"

Nikainamia mtungi wangu. Akamgeukia mzungu akicheka. "Masikini, hana kwao. Mama yake ni mtumwa tu, ameokotwa."

Nakumbuka masikio yangu yalivyopata moto. Nikaweka mtungi chini. "Mama si mtumwa! Kwao ni Kilundula!" Nikanyoosha mkono ng'ambo, pale kijito kilipotokea. Mzungu akajaribu kulitamka jina lile, akakosea. Nami, Mungu anisamehe, nikamsahihisha. Akakosea tena, nikamsahihisha tena, kwa sauti kubwa, maji yakipita miguuni pangu.

Nilirudi nyumbani na mtungi nusu. Sikusema kitu.

Mpunga ulikuwa haujakomaa askari walipovuka. Walifuata kile kijito moja kwa moja kama watu waliozaliwa huko, wakawachukua wanaume tisa kwenda kubeba mizigo ya serikali. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu Kalume. Bibi alifika kwetu adhuhuri, miguu yake ikiwa na matope mpaka mapajani, na watu wa Kilundula nyuma yake. Hakulia. Alisimama uani akasema, "Kuko muntu alitaja jina."

Tangu saa ile nyumba yetu iliharibika. Watu walikaa uani kwetu siku tatu, na kila mmoja alimtazama mwenzake mikono, kana kwamba anatafuta malipo ya mzungu. Mama aliacha kula chungu kimoja na dada zake. Mtu akikohoa, wengine waligeuka. Nilijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na nilipomeza mate niliona kama kila mtu ananisikia.

Kisha macho yakaanza kutulia kwa Zaina. Alikuwa mke wa mjomba Kalume, mwanamke mrefu, mpole, aliyekuja na misafara akiwa mateka na baadaye akaachwa huru. Hakuwa na kaka wa kumsimamia wala mama wa kumlilia. Na alikuwa akiuza mihogo posti.

"Njo yeye, ni yeye tu," nilimsikia mama mdogo akinong'ona. "Hana kwao, kwetu itamuuma nini?"

Siku ya tatu wakamwita mganga. Akawasha moto mchana kweupe, akateleka chungu cha maji, akatia jiwe. Zaina atalitoa kwa mkono. Mkono ukibabuka, ni yeye. Zaina alikunja nguo yake begani. Maji yalipoanza kuchemka nilishindwa kuvumilia.

"Ni mimi!" nikalia. "Ni mimi nililitaja!"

Bibi akanishika kidevu kama alivyozoea, akanitazama sana, na nikaona ameniamini. Mganga naye akaja, akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa na sauti tamu.

"Kinywa ni cha mutoto. Lakini mutoto hawezi kuuza watu. Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Usiogope. Ni Zaina alikutuma?"

"Hapana."

Mama akanipangusa machozi. Shangazi akanipa maji. Wote wakanisogelea, na nyuso zao zilikuwa zimejaa huruma, huruma ambayo sikuwa nimeiona siku zote tatu. Bibi peke yake aligeuza uso ukutani.

"Mwamini, mwanangu," mama akasema. "Zaina alikutuma?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hawakuhitaji tena lile jiwe. Walimpa Zaina mkeka wake na kisu chake cha kumenyea mihogo, wakamfukuza kabla ya alasiri. Alipopita mbele yangu aliniangalia mara moja tu. Nilitafuta hasira machoni pake, sikuiona, na jambo hilo liliniogopesha zaidi.

Wanaume saba walirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Mjomba Kalume alikuwa mmoja wao, bega moja limeshuka. Alipoambiwa habari ya mkewe alikwenda kumtafuta. Alimkuta kando ya posti akilima kipande chake. Zaina alimpa chakula, akamtakia heri, akakataa kurudi.

Mimi nilikwenda kwake nikiwa tayari nimeolewa, na mtoto mgongoni. Bibi alikuwa amekufa bila kunigusia tena jambo lile. Zaina alinikaribisha, akanipa maji, akasikiliza mpaka nikamaliza. Akauliza, "Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Minane hivi."

Akaendelea kumenya muhogo. "Mimi pia. Wale wenye bunduki walinipa ndizi, wakaniuliza mama amejificha wapi. Nikawaonyesha."

Hakusema amenisamehe. Alinijazia maji tena, na mtoto wangu akalala.

Sasa mimi ni mzee, na Kindu ina mipaka, ina wilaya, ina bwana anayejua kila kijito kwa jina, hata vile vyenye majina ya samaki. Vijana wanacheka nikiwasimulia habari ya maji yenye masikio. Mimi sicheki. Naona waliosema hivyo kwanza walikuwa watu waliokwisha kuulizwa maswali na wageni, wakayaona yaliyofuata, wakatafuta namna ya kumfunga mtoto mdomo kabla hajaweza kuelewa. Bibi alisema watakuja, wakaja. Sijui kama mto ulisikia. Ninachojua ni kwamba mgeni aliniuliza kwa dharau, nikampa Kilundula. Na watu wangu wakaniuliza kwa upendo, nikawapa Zaina. Kati ya hayo mawili, ni la pili ambalo bado linaniamsha alfajiri, kabla ya adhana.